Masizi katika Mpira: Maelezo ya Vikazo vya Kaboni na Maneno ya Kuvitaja

Mtu akiulizwa kwa nini tairi la gari ni jeusi, aghalabu hujibu upesi kwamba mpira ni mweusi. Jibu hilo si kweli. Utomvu utokao katika mti wa mpira ni mweupe kama maziwa, na mpira ugandao kutokana nao, usipotiwa kitu chochote, huwa na rangi ya manjano iliyofifia au ya kahawia hafifu. Weusi wa tairi ni weusi wa masizi. Katika uzani wa tairi zima, sehemu moja hivi kwa kila nne au tano ni masizi yaliyotengenezwa kwa makusudi kiwandani na kuchanganywa na mpira kabla haujapikwa. Bila masizi hayo tairi lingelika njiani kama kipande cha sabuni.

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza jinsi kaboni, iliyosagika mno hata isionekane kwa jicho, inavyoutia mpira nguvu. Ya pili ni kuyapima maneno ya Kiswahili yanayofaa kuieleza kazi hiyo. Shabaha hizi mbili haziachani, kwa kuwa neno lililochaguliwa vibaya humpoteza mwanafunzi kabla hajafika kwenye jambo lenyewe. Nilipata kumsikia mwalimu mmoja wa sekondari akiwaambia wanafunzi wake kwamba masizi hutiwa katika mpira "kwa kujaza tu, ili gharama ipungue". Mwalimu huyo hakuwa mjinga wala mvivu. Alikuwa amesoma kitabu cha kigeni, akalifasiri neno la kitabu kwa uaminifu, na uaminifu huo ndio uliompoteza. Wanafunzi wake wakaondoka wakiamini kwamba wenye viwanda huwapunja wanunuzi kwa kuwauzia masizi mahali pa mpira. Tutaona hapa chini kwamba ukweli ni kinyume cha hayo.

I. Mpira na neno lake

Katika pwani yetu neno "mpira" limebeba maana nyingi kwa muda mrefu: mmea utoao utomvu, kitu chenyewe kinachotokana na utomvu, tufe la kuchezea, mchezo wenyewe, na hata bomba laini la kumwagilia maji bustanini. Kabla ya miti ya mashamba kuletwa, mpira wa nchi hizi ulipatikana kwa kugema mimea itambaayo ya jamaa ya mbungo, na kila aliyekula mabungo anajua jinsi utomvu wake unavyonata vidoleni. Katika Kongo ya Mfalme Leopold, baina ya mwaka 1885 na 1908, mimea ya namna hiyo iliwaletea watu maangamizi makubwa kwa sababu ya kulazimishwa kugema. Katika Tanga na milima ya Usambara, wakati wa Wadachi, palipandwa mpira wa jamii ya muhogo uliotoka Brazili, na mashamba hayo yakaanguka bei ilipoporomoka mwaka 1913. Mpira uliotawala masoko ya dunia tangu hapo ni ule wa mti uitwao kwa jina la kitaalamu Hevea brasiliensis, ambao hata Tanzania ulipandwa baadaye.

Kwa mtaalamu wa kemia, mpira ni mkusanyiko wa molekuli ndefu mno, kila moja ikiwa na viungo maelfu vilivyofuatana kama shanga katika uzi. Nyuzi hizo hazikunyooka. Zimejikunja na kuingiliana kama tambi ndani ya chungu. Ukiuvuta mpira, nyuzi hunyooka. Ukiuachilia, zajikunja tena, kwa kuwa hali ya kujikunja ndiyo hali yao ya raha. Huu ndio msingi wa unyumbufu.

Lakini mpira mbichi una aibu mbili. Katika joto hulegea na kunata, na katika baridi kali hukakamaa. Dawa ya aibu hizi ilipatikana Marekani na Bwana Charles Goodyear mnamo mwaka 1839, naye akapata hati ya haki mwaka 1844. Huko Uingereza Bwana Thomas Hancock aliifuata njia hiyo hiyo wakati ule ule. Dawa yenyewe ni kuupika mpira pamoja na salfa. Chembe za salfa hufunga mafundo baina ya uzi na uzi, hata nyuzi zisiweze tena kuteleza na kuachana kabisa. Wazungu waliipa kazi hii jina la mungu wa moto wa Warumi wa kale. Sisi hatuna haja ya mungu huyo. "Kupika mpira" latosha, na kila fundi analifahamu. Ama kuhusu salfa, wazee wetu waliiita kiberiti kabla neno hilo halijahamia kwenye kijiti cha kuwashia moto. Mtu akisema kwamba mpira hupikwa kwa kiberiti, amesema kweli mara mbili.

II. Jinsi masizi yalivyoingia

Matairi ya kwanza ya magari hayakuwa meusi. Mengi yalikuwa meupe au ya kijivu, kwa kuwa yalitiwa unga wa oksaidi ya zinki. Mwaka 1904, huko Silvertown, mashariki ya London, Bwana S. C. Mote na wenzake waligundua kwamba mpira uliochanganywa na masizi mengi husimama imara zaidi mbele ya msuguano. Hapo kwanza jambo hili halikushika kasi. Lilipovuka bahari na kufika kwa wenye viwanda vya Marekani, katika miaka iliyofuata mwaka 1910, ndipo matairi yakaanza kugeuka meusi, na masizi yakawa bidhaa ya biashara kubwa.

Masizi yanayotumika si yale yanayokwanguliwa chini ya sufuria, ingawa ni ndugu yake. Yale ya jikoni yamechanganyika na lami, mafuta na majivu, na chembe zake hazina kipimo kimoja. Masizi ya kiwandani hutengenezwa kwa kuchoma mafuta mazito ndani ya tanuri lenye joto kali na hewa isiyotosha. Mafuta yakikosa hewa ya kutosha hayateketei yote. Kaboni yake hujitenga na kuganda katika chembe za mviringo. Kisha maji hunyunyizwa ghafula ili kazi isimame mahali panapotakiwa. Kwa kubadili joto, hewa na wakati wa kunyunyiza, mwenye tanuri huweza kuamua ukubwa wa chembe atakazopata.

Hapa yafaa tuweke majina matatu kwa uangalifu, kwa sababu kosa moja hapa huharibu maelezo yote yanayofuata. Kitu kidogo kabisa cha mviringo na tukiite chembe. Lakini chembe za masizi haziishi peke yake. Zikiwa bado ndani ya moto huungana na kushikamana daima, zikafanya umbo lenye matawi, na umbo hilo na tuliite kishada. Kishada hakivunjiki kwa urahisi hata kikisagwa. Vishada navyo vikikaa pamoja hushikana kwa nguvu hafifu, vikafanya donge linaloweza kuvunjwavunjwa; hilo na tuliite bonge. Kazi ya mashine ya kuchanganyia ni kuvunja mabonge hata vibaki vishada, na kila kishada kizungukwe na mpira. Kwa maneno machache, chembe ndiyo ipimwayo, kishada ndicho kifanyacho kazi, na bonge ndilo adui.

III. Kujaza na kukaza

Sasa turudi kwa mwalimu wetu. Vitu vya unga vinavyotiwa katika mpira vimegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni vitu kama unga wa chokaa au udongo wa chembe kubwa. Hivi kweli hujaza. Huongeza ujazo, hupunguza bei, pengine huufanya mpira uwe mgumu zaidi, lakini haviongezi nguvu zake za kustahimili kuraruka au kulika, aghalabu huzipunguza. Kundi la pili ni vitu kama masizi. Hivi hubadili tabia ya mpira wenyewe. Mpira wa bandia unaotengenezwa kwa stairini na butadieni, ambao hutumika sana katika matairi ya magari madogo, ukiwa mtupu ni dhaifu mno. Ukitiwa masizi mazuri, nguvu zake za kuvutwa huzidi mara kama kumi. Mpira wa mti wenyewe tayari una nguvu za kuvutwa, maana nyuzi zake zikivutwa sana hujipanga na kuganda kama barafu. Hata hivyo kwa kustahimili mkwaruzo wa barabara nao huhitaji masizi.

Yaonekana basi kwamba neno moja la kigeni limebeba kazi mbili zinazopingana. Tukilifasiri mara zote kwa "kijazo", tutakuwa tumeuleta mchanganyiko wa wenzetu pamoja na elimu yao. Napendekeza kwamba kundi la kwanza liitwe vijazo na kundi la pili liitwe vikazo. Neno "kikazo" limeundwa kwa kanuni ile ile: kujaza, kijazo, kukaza, kikazo, kama vile kuziba, kizibo. Tena ni ndugu wa "mkazo", ambalo wanafizikia hulitumia kwa nguvu inayolielemea eneo, na ambalo wanaisimu hulitumia kwa silabi iliyotamkwa kwa nguvu. Nalo "kijazo" lina undugu na "ujazo", na hapo ndipo panapomfaa, yaani kwa kitu ambacho faida yake ni kuchukua nafasi.

Waswahili husema, haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo yawafaa vijazo. Kikazo hakitafuti kukijaza kibaba. Kazi yake ni kuvishika vilivyomo visiachane.

IV. Siri ya udogo

Kwa nini masizi yakaze na chokaa isikaze? Sababu iliyo kubwa ni udogo, na udogo huzaa uso. Msomaji na achukue mchemraba wa sentimita 1 kila upande. Nyuso zake zote sita zina eneo la sentimita za mraba 6. Akiukata kuwa vijichemraba vya milimita 1, atapata vijichemraba 1,000, na eneo lake kwa jumla ni sentimita za mraba 60. Kitu hakikuongezeka hata chembe, lakini uso umezidi mara kumi. Akiendelea kukata hata kila upande uwe na nanomita 10, jumla ya uso itakuwa mita za mraba 600, kutokana na kitu ambacho hapo kwanza kilienea kwenye ncha ya kidole.

Nanomita 1 ni milimita 1 iliyogawanywa mara milioni 1. Unywele wa mtu una unene wa nanomita kati ya 50,000 na 100,000. Chembe za masizi ya tairi zina upana wa makumi machache ya nanomita, na gramu 1 ya masizi hayo huwa na uso wa baina ya mita za mraba 30 na 150 kwa kadiri ya aina yake. Mpira hauwezi kushikwa ila penye uso. Kwa hiyo uso ukizidi, mshiko nao huzidi.

Kwamba mpira hushikwa kweli, na si maneno matupu, kuna jaribio jepesi la kulithibitisha. Chukua mpira uliochanganywa na masizi lakini haujapikwa, uloweke katika kiyeyusho kama toluini. Mpira mtupu ungeyeyuka wote. Huu hauyeyuki wote. Sehemu yake hubaki imeng'ang'ania masizi hata baada ya siku nyingi. Sehemu hiyo twaweza kuiita mpira ulioshikwa, nayo ni ushahidi kwamba baina ya kaboni na uzi wa mpira pana mapatano yenye nguvu.

Kuna hesabu pia. Mwaka 1906 Bwana Albert Einstein alieleza jinsi chembe ngumu za mviringo zinavyozidisha uzito wa mwendo wa kitu cha majimaji. Mwaka 1938 Guth na Gold waliipanua hesabu hiyo ili itumike kwa mpira. Tuseme masizi ni sehemu 50 kwa kila sehemu 100 za mpira kwa uzani, kipimo ambacho ni cha kawaida katika sehemu ya tairi igusayo ardhi. Kwa ujazo, hayo ni kama sehemu moja katika tano ya mchanganyiko. Hesabu ya Guth na Gold yatuambia kwamba ukakamavu wa mpira utazidi kidogo mara mbili. Lakini ukipimwa kwa mvuto mdogo sana, hukutwa umezidi zaidi ya hapo. Ziada hiyo yatoka wapi? Yatoka katika mambo mawili ambayo chembe za mviringo zilizotengana hazina: kwanza, matawi ya vishada huficha mpira kati yake na kuuzuia usinyooke, pili, vishada hugusana au hukaribiana hata vikafanya wavu mmoja ulioenea katika mpira mzima.

V. Gharama ya mshiko

Wavu huo ndio faida, na ndio hasara. Ukiuvuta mpira kidogo tu, wavu husimama imara. Ukizidisha mvuto, wavu huvunjika, na ukakamavu hushuka. Jambo hili lilichunguzwa sana na Bwana A. R. Payne wa Uingereza katika miaka ya 1960, nalo huitwa kwa jina lake. Kabla yake Bwana Leonard Mullins, katika miaka ya 1940, alikuwa amelichunguza jambo jingine lililo karibu: mpira wenye masizi ukivutwa mara ya pili huvutika kwa urahisi kuliko mara ya kwanza, kana kwamba umekumbuka kuteswa.

Tairi likizunguka, kila sehemu yake hubonyezwa na kuachiliwa mara nyingi kwa dakika. Kila mara wavu huvunjika na kujiunga tena, na kila mara nguvu kidogo hupotea na kuwa joto. Ndiyo maana tairi huwa la moto baada ya safari, na ndiyo maana sehemu ya mafuta ya gari huteketea kwa kulipia joto hilo. Mwenye kutengeneza tairi yumo katika mvutano wa mambo matatu: tairi lisilike upesi, lishike barabara yenye maji, na lisipoteze nguvu katika kuzunguka. Akilipendelea moja, mengine hunung'unika. Haja ya vikazo vipya ilizaliwa katika mvutano huu.

VI. Vikazo vya umbo jipya

Nano ni neno la asili ya Kiyunani, na maana yake ni mbilikimo. Kikazo huitwa cha nano ikiwa angalau upande wake mmoja haufiki nanomita 100. Kwa kipimo hicho masizi yalikuwa kikazo cha nano tangu mwaka 1904, miaka mingi kabla jina halijapatikana. Kipya ni umbo. Chembe ya masizi ni ya mviringo. Vilivyokuja baadaye ni mirija na karatasi.

Mirija ya kaboni ilipata sifa duniani baada ya maandishi ya Bwana Sumio Iijima wa Japani mwaka 1991. Walakini picha za mirija ya namna hiyo zilikuwa zimekwisha chapishwa mwaka 1952 na Warusi wawili, Radushkevich na Lukyanovich, katika jarida la Kirusi. Wataalamu wengi wa magharibi hawakuzisoma. Wasomaji wa jarida la lugha watalitambua funzo lililomo: elimu iliyoandikwa katika lugha isiyosomwa na wengine haipotei, lakini huweza kulala miaka arobaini.

Karatasi ya kaboni, yaani grafini, ilitengwa mwaka 2004 na Andre Geim na Konstantin Novoselov katika Chuo Kikuu cha Manchester, kwa kubandua tabaka za grafaiti kwa utepe wa kunata. Walipewa Nishani ya Nobel mwaka 2010. Ncha ya kalamu ya risasi ni rundo la karatasi hizo, zilizolazwa moja juu ya nyingine kwa nafasi ya nanomita 0.335. Karatasi moja iliyotengwa ni ngumu kuvutika mara tano hivi kuliko chuma cha pua, na kwa hesabu gramu 1 ingekuwa na uso wa mita za mraba 2,630.

Tabia hizi zimewapa watafiti matumaini ya namna tatu. Kwanza, kwa kuwa uso ni mwingi, kiasi kidogo cha kikazo, tuseme sehemu 1 hadi 5 kwa 100, chaweza kuleta badiliko la ukakamavu ambalo masizi huhitaji sehemu nyingi kulileta. Pili, karatasi zikilala sambamba ndani ya mpira, hewa haipiti moja kwa moja. Hulazimika kuzungukazunguka kama mtu apitaye vichochoro vya mji wa kale, na kwa hivyo mpira huvujisha polepole zaidi. Tatu, umeme. Mpira mtupu haupitishi umeme. Masizi yakifika kiasi ambacho vishada vimegusana kutoka upande hadi upande, aghalabu baina ya sehemu 10 na 20 kwa 100 za ujazo, umeme hupata njia. Mirija, kwa sababu ya urefu wake, huweza kuifungua njia hiyo kwa kiasi kisichofika sehemu 1 kwa 100.

VII. Kazi ngumu ya kusambaza

Baada ya kuyasikia hayo, huenda msomaji akauliza kwa nini basi masizi bado yanatawala viwanda. Jibu la kwanza ni bei. Jibu la pili, ambalo ni la kitaalamu zaidi, ni kwamba vitu vidogo hupendana. Mirija hujisokota pamoja kama nywele ambazo hazijachanwa. Karatasi za grafini zikiachwa hurudiana na kulala tena moja juu ya nyingine, zikawa grafaiti. Bonge la mirija ndani ya mpira halikazi kitu. Huwa ni kasoro, na mpasuko huanzia hapo. Kikazo cha thamani kubwa kisichosambazwa sawasawa kimegeuka kuwa kijazo, tena kijazo kibaya.

Njia mojawapo ya kuepuka taabu hii ni kuchanganya mambo yakiwa bado katika maji. Grafini iliyotiwa oksijini hupenda maji na husambaa humo vizuri. Utomvu wa mpira nao ni matone madogo ya mpira ndani ya maji. Vikikorogwa pamoja na kisha kugandishwa kwa asidi, karatasi hunaswa zikiwa zimetawanyika kabla hazijapata nafasi ya kurudiana. Njia nyingine ni kutumia masizi na mirija kwa pamoja, masizi yakishika nafasi kubwa na mirija ikiunganisha kishada na kishada.

Hata hivyo yafaa tuwe na kiasi katika kusifu. Ugumu wa karatasi moja hauhamii wote katika mpira. Mpira ni laini mno, nao hauwezi kuivuta karatasi kwa nguvu zinazoistahili. Tena karatasi zenyewe hujikunjakunja. Mtu akipewa unga mweusi na kuambiwa kwamba ni grafini, kwa hiyo tairi lake litadumu maradufu, na aulize maswali matatu: karatasi zina tabaka ngapi, zimesambazwa vipi, na joto linalopotea katika kuzunguka limepimwaje? Asiyeweza kujibu ameuza jina.

VIII. Mavumbi na mabaki

Pana jambo jingine ambalo mfasiri hana ruhusa ya kuliruka. Udogo unaoleta mshiko ndio huo huo unaoiwezesha chembe kuingia ndani kabisa ya mapafu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeyaweka masizi ya kiwandani katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani kwa binadamu. Na mwaka 2014 likaiweka aina moja ya mirija yenye kuta nyingi katika kundi hilo hilo. Kikazo kikisha kupikwa ndani ya mpira kimefungwa; hatari kubwa ni kwa afunguaye gunia na kumimina unga katika mashine. Maandishi ya tahadhari yaliyobandikwa kwenye gunia hilo yasipoeleweka na mfanyakazi, ni kama hayakuandikwa.

Nayo mabaki ya tairi yanatuhusu sana. Tairi kuukuu likipashwa joto kali bila hewa, mpira hugeuka mafuta na gesi, na masizi hubaki, ingawa yamechanganyika na majivu ya zinki na silika. Masizi hayo yaweza kutumika tena, lakini si kwa kazi ngumu kama ile ya kwanza ila yakisafishwa. Mafundi wetu wa katambuga walikwisha lifikia jambo hili kwa njia yao. Hukata soli katika sehemu ya tairi igusayo ardhi, na soli hiyo huwashinda wavaaji kuimaliza. Fundi huyo hakuhitaji kusoma habari za vishada ili ajue kwamba weusi ule una nguvu. Lakini mtoto wake akienda shuleni, yafaa aelezwe sababu yake kwa lugha ile ile ambayo baba yake huitumia kupatana bei.

IX. Maneno yanayopendekezwa

Kwa muhtasari, nayaweka hapa maneno niliyoyatumia ili wenzangu wayapime. Chembe, kishada na bonge, kwa hatua tatu za masizi. Kijazo, kwa unga uchukuao nafasi tu. Kikazo, kwa unga uutiao mpira nguvu. Kusambaza, kwa kazi ya kuvunja mabonge na kuvitawanya vishada. Mpira ulioshikwa, kwa sehemu isiyoyeyuka. Kupika, kwa kazi ya salfa na moto. Neno nano nimeliacha lilivyo, kwa kuwa ni kipimo, na kipimo hakifasiriwi. "Kidogo sana" hakituambii ni kidogo kiasi gani. Mirija na karatasi nimeziita kwa majina ya kawaida, kwa sababu ndivyo zilivyo, na jina linaloonyesha umbo humsaidia mwanafunzi kufikiri.

Huenda pakawa na wataalamu watakaoliona neno "kikazo" kuwa geni masikioni. Sina ubishi nao, mradi watoe jingine litakalotenga kujaza na kukaza. Jambo lisilofaa ni kuziacha kazi hizo mbili chini ya jina moja, kwa kuwa hapo ndipo mwalimu yule alipojikwaa na kuwaangusha wanafunzi wake pamoja naye.

Kwa kumalizia, namwomba msomaji aliyeshika ukurasa uliopigwa chapa aziangalie herufi hizi nyeusi. Wino mweusi wa chapa hupata weusi wake katika masizi, kama ulivyoupata wino wa waandishi wa zamani katika nchi nyingi za mashariki. Kitu kile kile kinachoshika nyuzi za mpira zisiachane barabarani ndicho kinachoyashika maneno yetu juu ya karatasi. Basi si ajabu tukitaka lugha iliyoandikwa kwa masizi miaka mingi iweze kuyaeleza masizi yenyewe.